Ua Linalotembea: Mwongozo wa Kumfahamu na Kumfuga Mbwa Mchungaji wa Kijerumani

Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye katika miji ya Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa jina la German Shepherd na ambaye baadhi ya wazee bado humwita Alsatian, hununuliwa na watu wengi kwa lengo moja tu, nalo ni kulinda nyumba dhidi ya wezi. Lengo hilo si baya, lakini mara nyingi huambatana na dhana kwamba mbwa huyu alizaliwa kuwa mkali, na kwamba wajibu wa mwenye nyumba ni kuuchochea ukali huo kwa mnyororo, giza na upweke. Historia yake inaeleza mambo mengine. Mbari hii ilitokana na mbwa wa malisho waliofanya kazi ya ua mahali pasipokuwa na ua, wakizuia kondoo wasiingie katika mazao ya watu tangu asubuhi hadi jioni, huku wakijiamulia mengi bila kusubiri amri.

Mwongozo huu unamlenga msomaji anayefikiria kumfuga mbwa huyu, au ambaye tayari anaye na anashindwa kumwelewa. Unaanza na asili, kwa sababu tabia nyingi za mbwa huyu, zinazopendeza na zinazoudhi, ni vipande vya kazi ile ya kale. Kisha unaeleza jinsi ya kumchagua, kumlea, kumfundisha mpaka wa nyumba na kumtunzia afya.

1. Asili: kazi iliyomtengeneza

Katika karne ya 19, sehemu kubwa ya mashamba ya Ujerumani haikuwa na ua. Kondoo walilishwa katika vipande vyembamba vya ardhi kati ya mazao na kandokando ya barabara, na kilichotenganisha malisho na ngano ya jirani kilikuwa ni mfuo, yaani mstari uliochimbwa na jembe la kukokotwa. Mchungaji alisimama na fimbo yake mbele ya kundi, naye mbwa akaenda na kurudi juu ya mfuo huo kwa mwendo wa kukimbia polepole, saa baada ya saa, akimrudisha kila kondoo aliyetia mguu upande usio wake.

Kazi hiyo inatofautiana na ile ya Border Collie, mbwa wa malisho wa mpakani mwa Uingereza na Scotland, ambaye hutumwa mbali mlimani kuwakusanya kondoo na kuwaleta kwa mchungaji, akiwatawala kwa kuwakazia macho. Collie hukusanya, ilhali mbwa wa Kijerumani huzunguka na kuzuia. Kondoo mkaidi aling'atwa kwa mshiko mfupi shingoni kwa nyuma, mbavuni au pajani, kisha akaachiliwa bila kuchanwa, kwa kuwa mbwa aliyejeruhi mifugo alikuwa hasara kwa mwenye kundi. Ni muhimu msomaji akumbuke jambo hili: uwezo wa kuuma na uwezo wa kujizuia vilichaguliwa pamoja, katika mnyama yuleyule.

Mtu aliyewageuza mbwa hao wa mikoa mbalimbali kuwa mbari moja, yaani kundi la wanyama wenye nasaba inayojulikana na sifa zinazorithishwa kwa uhakika, ni Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi. Tarehe 3 Aprili 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, alimwona mbwa wa malisho aliyeitwa Hektor Linksrhein, akamnunua na kumpa jina jipya la Horand von Grafrath. Mwezi huohuo kilianzishwa chama cha wafugaji wa mbari hiyo, na Horand akaandikwa wa kwanza katika daftari lake la nasaba. Waliounganishwa katika mbari hii walitoka hasa Thuringia, ambako mbwa wengi walikuwa na masikio yaliyosimama na wepesi wa kuchangamka, na Württemberg, ambako walikuwa wakubwa zaidi na watulivu zaidi. Von Stephanitz alishikilia kwamba mbwa apimwe kwanza kwa akili na manufaa, na uzuri wa umbo ufuate baadaye.

Viwanda vilipopanuka na ufugaji wa kondoo kupungua, von Stephanitz alitambua kwamba mbwa asiye na kazi angepoteza sifa zake, akawashawishi polisi na jeshi wamtumie. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mbwa hawa walipeleka ujumbe na kutafuta majeruhi, na mwaka 1916 shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofushwa vitani ilifunguliwa mjini Oldenburg. Jina la Alsatian lilitoka Uingereza, ambako baada ya vita hivyo neno "Kijerumani" lilichukiwa kiasi cha kuondolewa katika jina la mbwa, likarejeshwa rasmi mwaka 1977.

Mambo mawili ya historia hii yanamhusu mnunuzi wa leo. Kwanza, ulinzi na upolisi ni kazi alizopewa mbwa huyu baadaye, juu ya msingi wa uchungaji. Pili, mbari imegawanyika katika koo mbili kuu: koo za kazi, ambazo huzalishwa kwa nguvu na ari ya kufanya kazi, na koo za maonyesho, ambazo huzalishwa kwa umbo, na ambazo baadhi yake zimefikia hatua ya kuwa na mgongo unaoteremka mno kuelekea nyuma.

2. Hulka: kazi ya kale inavyoonekana nyumbani

Hulka ni mwelekeo wa tabia ambao mnyama huzaliwa nao kabla ya kufunzwa lolote. Mafunzo huweza kuielekeza, lakini hayawezi kuifuta, na ndiyo maana mfugaji anapaswa kuitambua mapema. Kisanduku kifuatacho kinaoanisha kila sehemu ya kazi ya malisho na tabia inayojitokeza katika boma la mjini.

*KISANDUKU CHA 1: KUTOKA MALISHONI HADI UANI*

- Kuzunguka mfuo. Mbwa huchora njia yake kandokando ya ukuta mpaka majani yakafa. Huu si wazimu, ni doria. Apewe matembezi na mazoezi ya mpaka yaliyoelezwa katika sehemu ya 6.
- Kumrudisha anayetoroka kundini. Mbwa huwakimbilia watoto wanaocheza, huwasukuma kwa bega au kuwadona visigino, na hufukuza bodaboda na baiskeli. Azuiwe tangu utotoni kwa kuitwa na kupewa kazi nyingine, kabla mchezo haujawa mazoea.
- Kugundua kilichobadilika. Mbwa hubwekea gari geni, ngazi iliyoegeshwa ukutani au mgeni mwenye kofia pana. Asifiwe kwa kutoa taarifa, kisha afundishwe neno la kunyamaza.
- Kumtazama mchungaji mmoja. Mbwa hufuata mtu kama kivuli, kutoka jikoni hadi mlangoni. Kila mtu wa nyumbani ashiriki kumlisha na kumwamuru, ili asiwe mbwa wa mtu mmoja anayewadharau wengine.
- Kujiamulia. Mbwa asiyeelekezwa hubuni kazi yake mwenyewe, na kazi anayoibuni mara nyingi ni kumchagua nani aingie getini. Uamuzi huo ubaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Kipimo rasmi cha mbari kinamtaka mbwa awe na mishipa imara, yaani asiwe mwoga wala mwenye kuchachamaa bila sababu, na awe mwangalifu, mwenye kujiamini na mpole pasipokuwa na uchokozi. Mbwa anayebweka huku akirudi nyuma, mkia ukiwa umefyatwa, ni mwoga, na mbwa mwoga ni hatari kuliko jasiri, kwa kuwa huuma ili kujiokoa na hachagui anayemwuma. Wauzaji wengi humsifu mbwa wa namna hiyo kuwa "mkali". Mnunuzi aliyeielewa hulka hataishiriki sifa hiyo.

3. Kujipima kabla ya kununua

Mbwa dume aliyekomaa ana kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike ana sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Wengi huishi miaka kati ya 9 na 13. Kwa hiyo uamuzi wa kumchukua ni wa miaka kumi, si wa msimu wa wizi. Msomaji anashauriwa kujibu maswali yafuatayo kwa ukweli, na likipatikana jibu la "hapana" katika swali lolote kati ya matatu ya mwanzo, ni afadhali aahirishe au amchague mbwa wa kienyeji, ambaye huhimili magonjwa na joto la nchi vizuri zaidi na hulinda boma kwa ustadi.

☐ Je, yupo mtu wa nyumbani atakayempa mbwa saa moja hadi mbili za matembezi na mafunzo kila siku?
☐ Je, bajeti ya mwezi inatosha chakula cha mnyama wa kilo 35, dawa za kupe na huduma ya daktari wa mifugo?
☐ Je, boma lina ukuta au uzio usiopitika, na geti linalofungwa?
☐ Je, mwenye nyumba ya kupanga amekubali kwa maandishi?
☐ Je, watoto wa nyumbani wana umri wa kuelewa kwamba mbwa anapokula au kulala hasumbuliwi?
☐ Je, kanuni za halmashauri kuhusu leseni na chanjo za mbwa zinafahamika?
☐ Je, majirani wamefikiriwa?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee katika miji ya pwani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa uswahilini, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Hata hivyo, kufuga mbwa kwa ajili ya mifugo, shamba au uwindaji kumeruhusiwa. Mfugaji anayemzuia mbwa wake asimkaribie jirani anayekwenda msikitini, asimruhusu kuranda uchochoroni na asimwache abweke usiku kucha, atakuwa ametunza ujirani kabla haujaharibika.

4. Kumchagua mtoto wa mbwa

Wazazi ni ushahidi bora kuliko bei. Mtoto wa mbwa hurithi umbo la mifupa na sehemu kubwa ya hulka, na kilema cha nyonga hakionekani kwa macho katika umri wa wiki nane. Hatua zifuatazo zinapunguza hatari ya kununua kitu kisichojulikana.

1. Mnunuzi aende mahali mbwa wanapozaliwa, wala asikubali kuletewa mtoto stendi au pembeni mwa barabara, kwa kuwa anayeficha banda lake ana kitu cha kuficha.
2. Aombe kumwona mama. Mama anayemsogelea mgeni kwa utulivu baada ya kumbwekea kidogo ni dalili njema. Mama anayejificha au kufungwa mbali kwa sababu "anauma" ni onyo.
3. Aulize picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi. Kulegea kwa nyonga ni hali ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, na baadaye huleta ulemavu na maumivu.
4. Aulize kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapata mbwa wakubwa wa mbari hii, kwa kawaida kuanzia umri wa miaka minane hivi, ambapo miguu ya nyuma huanza kuburuzika bila maumivu mpaka mbwa anashindwa kusimama.
5. Atazame wazazi wakitembea. Mgongo uwe imara, na miguu ya nyuma isiyumbe wala visigino visigusane.
6. Apige makofi mara moja karibu na watoto. Anayeshtuka kisha akaja kuchunguza anafaa. Anayejikunyata kwa muda mrefu asichukuliwe kwa huruma.
7. Asimchukue mtoto kabla ya kutimiza wiki nane, kwa kuwa ni kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kuuma pole.
8. Aondoke na kadi ya chanjo yenye tarehe, muhuri na jina la daktari.

5. Wiki za mwanzo: dirisha linalofungwa

Mtoto wa mbwa hupitia kipindi cha kuzoea ulimwengu, kinachoanza yapata wiki ya tatu na kufifia kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na nne. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote, asichokiona hukishuku. Kwa mbari ambayo tayari ina shaka na wageni, dirisha hili ndilo linalotenganisha mlinzi mwenye busara na mnyama wa kutisha.

Ugumu upo katika chanjo. Mbari hii ni miongoni mwa zile zinazoathirika zaidi na ugonjwa wa parvo, unaoharisha damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache, na kinga haikamiliki mpaka chanjo za mfululizo zifikie yapata wiki ya kumi na sita. Mfugaji hapaswi kumfungia mtoto ndani wala kumwachia mtaani. Njia ya kati ni hii:

1. Kila siku mtoto abebwe mikononi au kwenye kikapu na kuonyeshwa soko, bodaboda, watoto wa shule, watu wenye miavuli, wenye kanzu, wenye buibui na wenye sare.
2. Wageni waje nyumbani, wavue viatu getini ili wasilete uchafu wa mbwa wengine, kisha wampe kipande cha chakula.
3. Aguswe masikio, midomo na kucha kila jioni, ili baadaye daktari asilazimike kupigana naye.
4. Azoezwe kukaa peke yake kwa dakika tano, kisha kumi, kisha nusu saa, kwa kuwa mbari inayofuata mtu kama kivuli huteseka sana inapoachwa ghafla.
5. Afundishwe kuachia kitu mdomoni kwa kubadilishiwa na kitamu zaidi, bila kunyang'anywa.

Akibweka kwa hofu, mfugaji asimpige wala asimbembeleze kwa kelele. Amrudishe hatua chache, asubiri atulie, kisha ajaribu tena kutoka mbali.

6. Kumfundisha mpaka wa nyumba

Wachungaji wa Ujerumani hawakumwachia mbwa mchanga kundi zima. Walimtembeza kwa kamba juu ya mfuo, kwenda na kurudi, mpaka mstari ule ukawa sheria kichwani mwake. Njia hiyohiyo inafaa katika boma, na inampa mbwa kazi aliyozaliwa kuitamani.

1. Mfugaji aanze mbwa akiwa na miezi minne au zaidi, baada ya kumfundisha kuja akiitwa, kukaa na kubaki.
2. Amtembeze kwa kamba kandokando ya ukuta kuanzia ndani, asubuhi na jioni, kwa njia ileile na mwendo uleule, kwa wiki mbili.
3. Afikapo getini asimame, amwamuru kukaa, afungue geti, na asiruhusu mguu kuvuka kizingiti bila neno maalumu la ruhusa. Mbwa akivuka, geti lifungwe na zoezi lianze upya bila hasira.
4. Mtu mwingine apite nje akiwa na begi au baiskeli. Mbwa akibweka mara mbili au tatu, asifiwe. Kisha apewe neno la kunyamaza na kulipwa kwa chakula anapotii.
5. Mgeni aingie akiongozwa na mwenye nyumba, na mbwa apelekwe mahali pake palepale kila mara, kwa mfano kwenye gunia au mkeka wake, mpaka aruhusiwe kuinuka.
6. Kamba iondolewe baada ya hatua zote kufanyika bila kosa kwa siku saba mfululizo.

Mbwa aliyemaliza hatua hizi hutoa taarifa, hushika mpaka na hukubali uamuzi wa mwenye nyumba, na kwa ulinzi wa kaya hayo yanatosha. Mafunzo ya kumng'ata mtu hayapaswi kujaribiwa nyumbani, kwa sababu mbwa wa polisi hufunzwa kuachia kwa amri muda mrefu kabla ya kuaminiwa kushika, na kwa kawaida asiye mkufunzi hufundisha kushika tu, bila kuachia.

*KISANDUKU CHA 2: SIKU YA MBWA MWENYE KAZI*

- Alfajiri: matembezi ya dakika 40 hadi 60 kabla jua halijawa kali, mwisho wake, dakika 10 za amri.
- Asubuhi: mlo wa kwanza baada ya kupumzika, kisha usingizi kivulini.
- Mchana: maji safi muda wote; pasiwe na mazoezi.
- Alasiri: mchezo wa kunusa, kwa mfano kutafuta vipande vya chakula vilivyofichwa uani.
- Jioni: doria ya mpaka na matembezi mafupi, mapumziko, kisha mlo wa pili.

Kwa mbwa asiyetimiza mwaka mmoja na nusu, kukimbizwa nyuma ya baiskeli, kupanda ngazi ndefu na kuruka vizuizi viepukwe, kwa kuwa viungo bado vinakomaa.

7. Chakula, joto na afya

*Chakula.* Mtoto wa mbari kubwa hapaswi kunenepeshwa. Ukuaji wa haraka na nyongeza za kalsiamu zisizoagizwa na daktari huharibu mifupa badala ya kuiimarisha. Anayepika nyumbani asitegemee ugali pekee: mlo uwe na protini ya kutosha, kama vile nyama, maini kwa kiasi, mayai au dagaa waliooshwa chumvi, na daktari ausahihishe mchanganyiko. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti visitolewe.

*Tumbo kujipinda.* Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na hali ambapo tumbo hujaa hewa na kujizungusha. Dalili ni kuvimba, kutotulia na kujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hii ni dharura ya saa chache inayohitaji upasuaji. Ili kupunguza hatari, chakula kigawanywe mara mbili au zaidi kwa siku, na mazoezi makali yasifanywe karibu na mlo.

*Joto.* Manyoya yake yana tabaka mbili, la nje gumu na la ndani laini, na ya ndani hupukutika kwa wingi. Yachanwe mara mbili au tatu kwa wiki, lakini yasinyolewe, kwa kuwa tabaka hizo pia huzuia jua lisifike ngozini. Mbwa anayehema mno, anayetokwa na mate mazito na kuyumba apelekwe kivulini, alowanishwe kwa maji, apepewe na kufikishwa kwa daktari bila kuchelewa.

*Kupe.* Ugonjwa wa erlikia, unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa na kuharibu chembe za damu, ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, na wakati wa Vita vya Vietnam uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani. Mbwa mchungaji wa Kijerumani huugua vibaya kuliko mbari nyingi nyingine. Homa, kukonda, fizi kupauka na damu kutoka puani ni dalili za kumpeleka mbwa akapimwe damu siku hiyohiyo. Kinga ni dawa ya kupe inayotolewa kwa ratiba mwaka mzima, pamoja na kuziba nyufa za banda, ambamo kupe hutaga mayai.

*Kuhasi.* Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu mbari hii, uliona kwamba matatizo ya viungo yalikuwa mengi zaidi kwa mbwa waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja. Umri wa kuhasi ujadiliwe na daktari, na wakati wa kusubiri jike asiachwe kuranda.

*KISANDUKU CHA 3: TAHADHARI — MBWA AKIMWUMA MTU*

1. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15.
2. Majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua.
3. Kadi ya chanjo ya mbwa ionyeshwe, na mbwa atengwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Asiuawe haraka, kwa kuwa mbwa aliye hai na mzima baada ya siku hizo ni ushahidi kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma.
4. Pilipili, mafuta ya taa au majani visipakwe kidondani.

8. Makosa ya kawaida

- Kumfunga mchana na kumfungulia usiku ili awe mkali. Mbwa hushindwa kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani, kwa sababu hakuwahi kuona maisha ya kawaida mchana.
- Kumwachia mlinzi wa getini ulezi wote. Mbwa humtambua mlinzi kuwa mchungaji wake, na mlinzi akiacha kazi mwenye nyumba hubaki na mnyama asiyemjua.
- Kumpiga ili aheshimu. Mbari iliyochaguliwa kwa usikivu hujifunza haraka kuogopa mkono, na hofu ndiyo mama wa kuuma.
- Kufurahia kuona mtoto wa mbwa akidona visigino. Kinachochekesha kwa kilo tano hupeleka watu hospitali kwa kilo 35.
- Kuamini kwamba mbwa mwenye masikio yaliyosimama na mgongo mweusi ni wa mbari halisi. Rangi haithibitishi nasaba wala hulka.
- Kuzalisha ili kurudisha gharama. Asiyejua nyonga za wazazi huuza ulemavu kwa wateja wake.

9. Orodha ya ukaguzi wa mwaka

☐ Chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kwanza akiwa na miezi mitatu na nyingine kila mwaka au kama daktari alivyoelekeza
☐ Chanjo ya parvo na homa ya mbwa kulingana na kadi
☐ Dawa ya minyoo na ratiba ya kupe
☐ Uzito: mbavu zihisike kwa vidole bila kuonekana kwa mbali
☐ Mwendo wa miguu ya nyuma, hasa baada ya miaka saba
☐ Kola yenye namba ya simu ya mwenye mbwa
☐ Zoezi la geti kurudiwa na kila mtu wa nyumbani

Mfugaji aliyefika mwisho wa orodha hii atagundua kwamba kipengele cha mwisho ndicho kinachosahaulika upesi, kwa kuwa chanjo hukumbushwa na kadi lakini geti halina kadi. Mchungaji wa kale alimtembeza mbwa wake juu ya mfuo kila siku, hata yule aliyeujua mstari kwa miaka mingi, kwa sababu mpaka wa mbwa hukaa kichwani mwake na hufutika usipopitwa. Ukuta wa matofali ukishajengwa unaweza kuachwa. Ua linalotembea hudai mtu wa kutembea nalo.